Mwanangu anatolewa nje wenzake wakifungua siku



*Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mume wangu na mimi na watoto wetu wawili tunaishi Tampere, Ufini, huu mwaka wa saba. Mkubwa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Nakuandikia maana nyumba yangu haina amani, na chanzo chake ni jambo la dakika tano.*

*Huku hakuna mstari wa asubuhi kama wetu. Kuna kitu wanakiita päivänavaus, yaani ufunguzi wa siku. Watoto wakishakaa, spika ya ukutani inalia, mtu anasema maneno mawili matatu au unapigwa muziki, kisha masomo yanaanza. Siku nyingi ni mambo ya kawaida tu. Lakini Jumatano mojamoja anakuja mama wa usharika wa Kilutheri, anasimulia habari za Yesu, anaomba, na wimbo unaimbwa. Sisi ni Waislamu. Shule ilipotuuliza kwenye Wilma, ule mtandao wa mawasiliano kati ya shule na wazazi, kama mtoto ashiriki mambo ya dini, tulijibu hapana, tukaona tumemaliza.*

*Kumbe siku hizo mwanangu anatolewa darasani. Anakaa peke yake kwenye benchi la koridoni, chini ya majaketi, pembeni ya rafu za viatu, mpaka yule mama amalize. Nilikuja kujua baada ya mtoto kuanza kuumwa tumbo kila Jumatano.*

*Mwezi uliopita tulikuwa tunaongea na bibi yake aliyeko Tanga kwa simu ya video, mtoto akawa anavumisha wimbo. Bibi akafurahi mno: "Anaimba Mungu ibariki Afrika!" Mtoto akasema hapana, ni wimbo wa yule mama wa kanisa, huwa anausikia koridoni kwa sababu na huko kuna spika. Bibi yake alinyamaza, akakata simu. Tangu hapo kila akipiga ni kulia, anasema tumempoteza mjukuu wake.*

*Mume wangu anataka kwenda kwa mwalimu mkuu kumwambia mambo hayo yafutwe kabisa, la sivyo tumhamishe mtoto shule. Mimi naogopa. Nchi hii imetupokea, mtoto anasoma bure na chakula cha mchana anapewa bure. Tukianza kulalamika tutaonekana hatuna shukrani. Na mtoto mwenyewe nilipomuuliza anataka nini, alinijibu, "Nataka kukaa na wenzangu tu." Nifanye nini, Shangazi?*

*Mama Idrisa, Tampere (majina yamebadilishwa)*



Mume wako ana hoja, bibi wa Tanga ana uchungu wake, na wewe una hofu. Yote nitayafikia. Lakini nitaanzia kwenye lile benchi. Pale amekaa mtoto wa miaka tisa, ameondolewa kwa wenzake ili asisikie maneno ambayo bado anayasikia yote. Wenzake amewakosa, wimbo hakuukosa. Hapo shule imekosea, na imekosea kwa kipimo cha sheria za Ufini zenyewe, kabla hata hatujagusa dini yako.

Niliwahi kufanya kazi ya ukalimani katika shule za nchi hiyo, nikikaa kati ya wazazi wetu na walimu wao, kwa hiyo jambo hili nalifahamu kidogo. Ngoja nikueleze lilivyo, maana nahisi hata mumeo hajaelezwa.

Amri ya serikali ya mwaka 1998 kuhusu elimu ya msingi inasema kazi ya kila siku ianze kwa ufunguzi mfupi. Wa namna gani, hiyo ni kazi ya shule kupanga. Ndiyo maana unakuta leo mwalimu anasoma habari ya gazetini na kuwauliza watoto wanaionaje, kesho darasa la sita wanapiga wimbo wanaoupenda, keshokutwa mwalimu mkuu anazungumzia uonevu uwanjani wakati wa mapumziko. Kuna shule zinazokusanya watoto wote kwenye ukumbi wa michezo mara moja kwa wiki, na kuna walimu wanaofungua siku wenyewe, mlango umefungwa, kwa kuwauliza watoto wameamkaje. Na kwa kweli ni desturi nzuri. Desemba huko Tampere saa tatu na nusu asubuhi inapita jua halijachomoza. Watoto wanafika gizani, viakisi mwanga vinaning'inia kwenye majaketi, wanavua viatu mlangoni na kuingia na soksi, macho bado yana usingizi. Dakika chache za sauti ya upole kabla ya hesabu zina kazi yake.

Jambo hili lina historia, na historia hiyo ndiyo inayomleta mama wa usharika kwenye spika. Shule za umma za Ufini zilianza kutenganishwa na usimamizi wa kanisa tangu miaka ya 1860, lakini sala ya asubuhi ilibaki humo zaidi ya miaka mia. Muulize Mfini yeyote aliyefikisha umri wangu atakusimulia: mwalimu kwenye kinanda cha harmonia mbele ya darasa, watoto wamesimama kando ya madawati, wimbo wa kanisa, kisha sala. Hiyo haikuitwa ufunguzi wa siku, iliitwa ibada ya asubuhi. Jina na sura vikabadilika polepole, ila urafiki kati ya shule na usharika wa jirani haukukatika. Bado zaidi kidogo ya watu sita katika kila kumi nchini humo wamo kwenye vitabu vya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wengi wao hawaoni ajabu mtumishi wa usharika kuja shuleni mara moja moja.

Pamoja na hayo, Katiba yao, iliyoanza kutumika mwaka 2000, inasema kwenye ibara ya 11 kwamba hakuna mtu anayelazimika kushiriki ibada kinyume na dhamiri yake. Na mamlaka yao ya elimu, Opetushallitus, imetoa mwongozo ulio wazi kwa shule zote: tukio la kidini litenganishwe na shughuli za kawaida, wazazi waarifiwe mapema, na mtoto asiyeshiriki aandaliwe shughuli nyingine yenye maana, chini ya uangalizi. Hata namna ya kumtenganisha mtoto iwe ya staha, asije akaonyeshwa vidole. Dini ya familia ni siri yenu. Shule inahitaji kujua tu kama mtoto atashiriki au hatashiriki, sababu si lazima muitoe.

Sasa upime lile benchi kwa mwongozo huo. Shughuli yenye maana iko wapi? Mtu mzima wa kumwangalia yuko wapi? Staha iko wapi, kila mtoto wa darasa la tatu anapomwona Idrisa akiinuka na kutoka? Na ile spika ya koridoni imelibomoa hata lile dogo lililobaki. Kipaza sauti hakichagui masikio. Shule inayorusha sala kwa spika kwenye jengo zima haijatenganisha chochote, imehamisha kiti cha mtoto tu. Simfikirii mwalimu wake kuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa na watoto zaidi ya ishirini mbele yake, dakika tano za kujaza, na hakuna aliyempa mpango. Lakini kosa la kukosa mpango linamwangukia mtoto kwa uzito uleule.

Kwa hiyo, mwanangu, ombi lako si la kupendelewa. Unaomba shule ifanye inachotakiwa kufanya.

Nakuja kwenye hofu yako ya kuonekana huna shukrani, maana naona ndiyo iliyokufunga mdomo. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kulisema hili Ufini? Wafini wenyewe, wazaliwa wa pale, wamelivutana muda mrefu. Mwalimu mmoja wa shule, Erkki Hartikainen, mtu asiyeamini Mungu, alipeleka malalamiko hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1978, akipinga namna watoto wa wasio na dini walivyokuwa wakifundishwa somo mbadala la historia ya dini na maadili. Kamati ikatoa maoni yake mwaka 1981: somo kama hilo halina tatizo ikiwa linafundishwa bila kuegemea upande na kwa kuheshimu imani za wazazi. Na mwaka 2013 na 2014 nchi nzima ilibishana kuhusu wimbo mmoja, Suvivirsi, wimbo wa kanisa wa kuukaribisha msimu wa kiangazi ambao huimbwa siku ya kufunga shule. Naibu Kansela wa Haki alionyesha shaka kama unafaa kuimbwa shuleni. Kamati ya Katiba ya Bunge ikajibu kwamba sherehe ya shule haigeuki ibada kwa sababu ya wimbo wa jadi kama huo. Magazetini, kazini, kwenye sauna, watu waligombana. Hakuna aliyewaambia warudi kwao.

Wewe una mwaka wa saba hapo. Waswahili tulisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mnafanya kazi, mnalipa kodi, mtoto wenu anasoma kwa haki ileile ya mtoto wa jirani. Chakula cha mchana shuleni hupewa kila mtoto Ufini tangu mwaka 1948. Hakikuwekwa kama fadhila kwa wageni ili nao wanyamaze. Shukrani ni jambo jema, endelea nayo. Ila isikufanye umwache mtoto koridoni.

Na kitu kingine nilichojifunza kwenye vile vikao vya ukalimani. Sisi tunazunguka. Tunaanza na salamu, tunamsifu mwalimu, tunasema mtoto anapenda shule, tukitumaini mwenzetu atahisi kuna jambo. Mwalimu wa Kifini hatahisi. Si kwamba hajali; kwao mtu mwenye jambo hulisema, na asiyesema hana. Ukinyamaza ataandika moyoni mwake kwamba familia imeridhika. Nimeona mama akitoka kikaoni na machozi na mwalimu akitoka na furaha, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa. Kwa hiyo ujumbe wako kwenye Wilma uwe mfupi na mkavu, na usiogope ukavu wake, huko ni adabu. Uandike hivi, kisha mtu akuwekee kwa Kifini kizuri:

"Mwalimu, Idrisa hatashiriki ufunguzi wa siku unaoendeshwa na usharika. Siku hizo amekuwa akikaa peke yake koridoni, na spika ya huko inatoa matangazo yaleyale. Tunaomba apewe shughuli nyingine mahali ambapo matangazo hayo hayasikiki, akiwa na mtu mzima na pamoja na watoto wengine wasioshiriki. Tunaomba pia tarehe za siku hizo mapema. Siku nyingine zote atashiriki kama kawaida. Tungependa kukutana nawe, na tunahitaji mkalimani."

Mkalimani shule ndiyo humtafuta na kumlipa, usimtumie mtoto. Idrisa anajua Kifini kuliko ninyi, naelewa, lakini mtoto asiketi katikati ya baba yake na mwalimu wake akitafsiri ugomvi unaomhusu.

Kwenye kikao, ombeni jambo moja ambalo naona lingemaliza shida kuliko mengine yote: mama wa usharika asitumie spika. Apewe ukumbi au chumba, wanaotaka kumsikiliza wamfuate, wengine wabaki darasani na mwalimu wafungue siku kwa njia nyingine. Hapo hakuna anayetolewa nje. Kuna wanaokwenda huku na wanaobaki huku. Na ni vigumu kuamini Idrisa atabaki peke yake. Katika mji kama Tampere kuna watoto wa Kiothodoksi, Waislamu wengine, na Wafini wengi tu ambao wazazi wao walishajitoa kanisani. Huenda na wao wanakaa kwenye mabenchi ya makorido mengine ya shule hiyohiyo, kila mmoja akidhani yuko mwenyewe. Mtoto wako amekwambia anataka kukaa na wenzake. Hilo linawezekana bila kuvunja neno mlilolisema kwenye fomu.

Shule ikikataa, mwalimu mkuu ndiye hatua ya pili, na juu yake kuna ofisi ya elimu ya mji, kisha Mchunguzi wa Bunge, ambaye hupokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo. Sidhani mtafika huko.

Sasa mume wako. Mwambie Shangazi amesikia uchungu wake na kwamba kwenda shuleni ni sawa, aende, tena mwende wote wawili. Lakini akienda na neno la kufuta kila kitu, ataondoka mikono mitupu. Wako wazazi katika darasa hilohilo wanaotaka mtoto wao amsikilize yule mama wa usharika, na haki yao ni kama yake. Sheria imempa mamlaka juu ya Idrisa, haikumpa juu ya watoto wa wenzake. Na kumhamisha hakutasaidia: kila shule ya msingi ina ufunguzi wa siku, na usharika uko kila mtaa. Atampokonya mtoto marafiki, akute spika nyingine.

Kuna haki nyingine ambayo nashangaa hamkuitaja, na pengine hamjaambiwa. Ikiwa katika mji wenu kuna walau watoto watatu ambao wazazi wao wameomba, mji unapaswa kuandaa somo la dini ya Kiislamu shuleni, kwa Kifini, na mwalimu wake analipwa na mji. Tampere hamtakosa watatu. Hata kama hamjajiandikisha kwenye jumuiya yoyote ya Kiislamu, mnaweza kuomba kwa kuwa ndiyo malezi ya nyumbani kwenu. Hilo litafanya kazi kubwa kuliko benchi. Mtoto akijua yeye ni nani, na akakaa darasani na wenzake wa imani yake wakizungumza kwa lugha ya shule, Jumatano mojamoja haiwezi kumyumbisha. Mumeo aliulizie somo hilo kwa nguvu zilezile alizotaka kumwendea nazo mwalimu mkuu.

Nimefika kwa bibi wa Tanga, na hapa nataka nikae kidogo.

Masikio yake hayakumdanganya. Ule wimbo ni uleule. Ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, kama wimbo wa sala. Kutoka huko ukasambaa kusini yote ya Afrika, ukapanda hadi kwetu, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 sauti hiyo ikawa ya wimbo wetu wa Taifa. Wamisionari wa Kifini nao walikuwa kusini mwa Afrika, Namibia, tangu mwaka 1870. Leo ukifungua kitabu cha nyimbo cha kanisa lao utaikuta sauti ya Sontonga kwenye namba 501, ina maneno ya Kifini.

Sasa mkumbushe bibi, kwa upole, mstarini kwetu palikuwaje. Nimefundisha shule za msingi pale Tanga kabla ya safari zangu, nayajua: rimu la gari linagongwa, mchakamchaka unamalizika watoto wana vumbi hadi magotini, viranja wanakagua kucha na kola, mwalimu wa zamu anasimama barazani, halafu bendera, halafu wimbo. Nusu ya wale watoto na zaidi walitoka madrasa jioni iliyotangulia. Waliuimba kwa sauti kubwa, wakimwomba Mungu aibariki nchi yao, na hakuna shehe aliyesema wamebatizwa. Bibi mwenyewe, kama alisoma baada ya uhuru, aliuimba. Sauti ya wimbo haimtoi mtoto kwenye dini.

Lakini sitakudanganya kwamba ni kitu kimoja. Mstarini kwetu ni wimbo wa Taifa, na Mungu anayetajwa humo kila mtoto anamjua kwa mafundisho ya nyumbani kwao. Namba 501 ya Wafini ni wimbo wa kanisa, na yule mama anauimba akiwa anaomba kwa imani yake. Mna haki ya kusema Idrisa asiwemo kwenye sala hiyo. Ninachosema ni kwamba kuvumisha sauti aliyoisikia haikuwa dhambi wala dalili ya kupotea, na sipendi mtoto abaki anaamini kwamba aliiua furaha ya bibi yake kwa sababu ya kuvumisha wimbo. Alikuwa anamwonyesha bibi kitu kizuri. Bibi amwombe mjukuu wake amfundishe maneno ya "Mungu ibariki Afrika" kwa Kiswahili kwenye simu. Wimbo ule wa Taifa ni wa Idrisa pia, na inaonekana bado hamjamfundisha.

Bibi pia ana picha isiyo sahihi kichwani. Akisikia "ufunguzi wa siku" anaona mstari wa Tanga na kasisi mbele yake, kila asubuhi, watoto mia tano wamenyamaza. Mwelezeni kwamba siku nyingi ni muziki wa vijana na habari za mabasi. Mwambieni Idrisa amsimulie mwenyewe za wiki nzima, Jumatatu hadi Ijumaa. Bibi akishasikia habari ndogondogo, tuseme za hamsta wa darasa la kwanza, zikitangazwa jengo zima, hofu itapungua.

Mambo mawili ya kalenda. Shule hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, siku ya Jumamosi, kwa sherehe ya majira ya kuchipua, na Suvivirsi itaimbwa. Wazazi wengine wa Kiislamu huwazuia watoto siku hiyo. Mimi ningemwacha aende, avae vizuri, asimame na darasa lake na apokee cheti chake. Kwenye wimbo akitaka kunyamaza anyamaze, hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha kufungua mdomo. Ibada ya Krismasi kanisani ni tofauti, hiyo ni ibada kamili, hapo hapana yenu isimame na shule itakuwa na mpango mwingine kwa wasiokwenda. Na siku za Idd, ombeni ruhusa mapema kwa mwalimu, kwa kawaida hutolewa bila maneno.

La mwisho ni la Idrisa mwenyewe. Sheria ya uhuru wa dini ya Ufini, ya mwaka 2003, inawaachia wazazi uamuzi wa dini ya mtoto, lakini akifika miaka 12 hamuwezi kuibadilisha bila ridhaa yake, na akiwa na 15 anaweza kujiunga au kujitoa mwenyewe mkimruhusu. Miaka hiyo inakuja haraka. Anzeni sasa kumsikiliza. Mketishe umwambie: lile benchi halikuwa adhabu yako, tulijibu fomu bila kujua watakuweka wapi, na tunalirekebisha. Mtoto wa miaka tisa anayetolewa darasani huwa anatafuta kosa alilofanya.

Halafu muulize kama angependa siku moja kufungua siku yeye. Kuna shule ambako watoto hupewa zamu kwenye spika, na mwalimu akiombwa huenda akafurahi. Angeweza kusimulia habari ya Sontonga kwa dakika mbili, kwamba wimbo wanaoujua kwa namba 501 ndio huimbwa asubuhi na watoto wa nchi ya bibi yake, kisha wakaupiga. Shule nzima imjue kwa hilo. Akisema hataki, usimsukume.

Na lile tumbo lisisahauliwe. Likitulia baada ya mpango kubadilika, vyema. Likiendelea kuuma Jumatano, au likihamia siku nyingine, mpeleke kwa muuguzi wa shule na umweleze kila kitu, hata habari ya benchi. Mtoto aliyekaa peke yake koridoni huenda alikutana huko na jambo ambalo bado hajakwambia.